Piano ya wima isiyoshika tyuni: tuongee kabla hujaiita mbovu

#1 Fundi Kabari

Wakuu, salaam. PM (ujumbe wa faragha) zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kilekile: piano ya kanisani au ya nyumbani, ile ya kusimama wima, ilityuniwa, ikakaa wiki, ikarudi kulekule. Nimeona niandike hapa mara moja, na wenye uzoefu waongezee.

Naanza na msimamo wangu, mnisute baadaye. Piano nyingi zinazoitwa mbovu hazina shida ya kupata sauti, zina shida ya kuishika. Sikio wengi tunalo, hasa sisi wa kwaya. Kazi iko kwenye kuifanya pini ibaki pale ulipoiacha, kwa hiyo nitaongea pini na waya kuliko muziki.

Piano ya kawaida ina noti 88 lakini nyuzi zinapita 200, maana noti nyingi zina nyuzi tatu tatu, besi ya juu mbili mbili, na besi ya chini kabisa uzi mmoja mmoja. Kila uzi unavutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi, nyingine zaidi. Jumla yake ni tani 15 hadi 20 zilizobebwa na fremu ya chuma, na upande wa juu zimeshikwa na pini zilizogongwa kwenye ubao wa mbao ngumu. Hazina nati wala skrubu. Ni msuguano wa chuma na mbao tu.

Kabla ya kugusa spana, fungua. Inua mfuniko wa juu, ndani kushoto na kulia kuna vifungio viwili, vigeuze, ubao wa mbele unatoka wote. Washa tochi. Angalia kutu pale uzi unapojiviringisha kwenye pini, na pale unapopita chini ya kile chuma cha kubana. Halafu toa na ubao wa chini, wa miguuni. Humo ndimo panya hujenga. Nimeshatoa humo karatasi za nyimbo zilizotafunwa, pamba, na felti ya vitufe ambayo wenyewe walidhani iliisha kwa uzee. Kama kuna njia ya mchwa kwenye mbao, acha, ita seremala kwanza.

Kisha jaribu pini. Vaa spana kwenye pini ya noti iliyoshuka sana, sukuma kidogo upande wa kulegeza. Pini ambayo haijachoka inakataa, halafu inakubali kwa shida. Pini iliyochoka inateleza laini, haina ubishi. Fanya hivyo kwa pini kadhaa za sehemu tofauti. Zikiwa chache zinazoteleza, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Zikiwa zote, usimwahidi mtu kitu.

Sasa spana yenyewe. Pini inakaza ukizungusha kulia, mwendo wa saa. Mpini wa spana uweke juu, saa 12 au saa 1. Sababu ni hii: ukiuweka saa 3, ili ukaze unasukuma chini, pini inapinda chini, uzi unalegea kwa muda. Utafika kwenye noti, utaachia, noti itapanda juu ya ulipotaka. Ukiuweka saa 9 unavuta juu, pini inapinda juu, ukiachia noti inashuka. Mpini ukiwa juu, pini inapinda kando, uzi hauna habari. Watu wengi wanaolalamika "nikitoa spana tu inahama" hapo ndipo tatizo lao lilipo.

La pili ni kile chuma cha kubana. Uzi ukitoka kwenye pini unapita chini yake ndipo uanze kulia. Msuguano hapo ni mkubwa, kwa hiyo ukizungusha pini, kipande cha juu kinakaza lakini kile kinacholia kinachelewa. Unaendelea kuzungusha, ghafla kinaruka, umeshapita. Namna ninavyofanya: napanda kidogo juu ya noti, ile kidogo ambayo kwa macho huoni spana imeenda, napiga kitufe kwa nguvu mara mbili tatu ili uzi utembee, kisha naulalia mpini kidogo kuelekea kulegeza bila kuzungusha pini. Noti inashuka ikakaa. Napiga tena kwa nguvu. Isipohama kwa kipigo kizito, haitahama kwa mpigaji wa Jumapili. Vaeni vya kuziba masikio, kazi hii inaua usikivu polepole.

Sikio sasa. Nitatumia sol-fa. A iliyo juu ya C ya kati itoe kwenye uma wa sauti wa 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Shuka oktavo moja upate A ya chini yake. Halafu F iliyo chini ya hiyo A: F na A ni do–mi. Do–mi ya piano haitulii kama ya kwaya. Ni pana kwa senti 14 hivi (senti 100 ni nusu toni), na ukizipiga pamoja utasikia wimbi juu yake, wau-wau-wau, karibu mara 7 kwa sekunde. Ukisikia imetulia tuli, hujafika. Endelea kupanda: A hadi C#, wimbi karibu 9. C# hadi F, karibu 11. F hadi A ya uma, karibu 14. Hizo do–mi nne zikipandana kwa mpangilio huo, katikati ya piano yako imekaa. Do–so ni kinyume: imebanwa kwa senti 2, wimbi lake halifiki hata moja kwa sekunde. Do–fa ni kama moja kwa sekunde. Zijazie humo noti zilizobaki, kila do–mi iwe na wimbi la haraka kidogo kuliko ile ya nyuma yake.

Piano fupi ya wima itakubishia pale nyuzi za shaba za besi zinapoishia na nyuzi za chuma tupu zinapoanza. Hapo mpangilio wa mawimbi unavunjika, na si kosa lako. Waya mfupi mnene haulii kama hesabu inavyotaka, sauti zake za juu zimepanda kuliko inavyopaswa. Ndiyo maana oktavo za juu huvutwa kidogo juu na za besi kidogo chini. Kwa besi natumia kipimo hiki: unatyuni C kwa C ya oktavo ya juu yake, chukua E flati iliyo katikati yao. Piga C ya chini na E flati, sikia wimbi. Piga E flati na C ya juu, sikia wimbi. Yakilingana, oktavo imekaa vizuri kwa besi.

Leteni maswali.

#2 Alto wa Tanga

Shikamoo fundi. Asante kwa uzi. Yetu iko kanisani, madirisha yanatazama baharini. Iko chini karibu nusu toni yote, na vijana wa tarumbeta wanataka tupige pamoja Pasaka. Nyuzi zina kutu ya rangi ya chai. Nikaze tu?

#3 Fundi Kabari

Marahaba dada. Usikaze tu.

Kwanza, ukipandisha uzi mmoja, mzigo unaongezeka kwenye daraja (mbao ambayo nyuzi zinaikanyaga) na ubao wa sauti (ule mpana wa nyuma unaoikuza sauti), ubao unakandamizika, na nyuzi ulizokwisha kutyuni zinashuka. Ukimaliza piano nzima, mwanzo wake umeshaharibika. Kwa hiyo kazi ya kupandisha inafanywa kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza ni wa haraka, hutafuti uzuri. Unapita juu ya lengo kwa kama robo ya pengo: noti iko chini senti 40, unaipeleka senti 10 juu ya lengo, itashuka yenyewe. Besi usiizidishe kiasi hicho, ipe kidogo. Mzunguko wa pili unakaribia. Wa tatu ndio tyuni.

Pili, kutu. Uzi wenye kutu umegandana na chuma unapopita. Kabla ya kupandisha, legeza kidogo kwanza, utasikia "tik". Hapo umeachia. Ndipo upandishe, taratibu, bila mkupuo. Ukikaza moja kwa moja unakatikia hapohapo kwenye pini, na uso wako uko karibu. Vaa miwani.

Tatu, na hili ndilo ningekushauri wewe: kutu ikiwa nyingi kwenye mizunguko ya pini, usilazimishe 440. Ityuni piano kwa yenyewe, chini kidogo, pale inapokaa bila kulalamika. Waimbaji hawatajua. Kinanda cha umeme kikiwepo, karibu vyote vina mahali pa kushusha sauti nzima kwa vipande vidogo, kishusheni kifuate piano. Tarumbeta inaweza kuvuta bomba la kutyunia nje, lakini si kwa nusu toni nzima. Kama lazima mpige nao Pasaka, tumieni kinanda siku hiyo.

#4 kijana wa gereji

Kutu si WD-40 tu hapo mkuu? Halafu hiyo spana maalum ni bei, plaizi nzuri inashika pini fresh kabisa.

#5 Fundi Kabari

Kijana, mafuta yoyote yakifika kwenye ubao wa pini umeiua piano. Nimesema pale juu, kinachoshika ni msuguano wa chuma na mbao. Ukiilainisha mbao, pini haishiki tena maisha. WD-40, mafuta ya cherehani, mafuta ya taa, vyote vikae mbali na sehemu ya juu. Kutu ya kwenye waya ulio wazi inasuguliwa kavu kwa msasa laini, na ile ya kwenye mizunguko unaiacha.

Plaizi inakula pembe. Kichwa cha pini ni mraba unaopungua kuelekea juu, na tundu la spana ya kutyuni lina ncha nane ili uweze kuivaa kwa pembe unayotaka. Pini ikishakuwa mviringo hakuna spana itakayoishika, wala ya kwako wala ya atakayekuja baada yako.

#6 Mzee wa Besi

Nimesoma mpaka mwisho. Mambo mawili sikubaliani. Moja, hujasema lolote kuhusu vijana wanaotyuni kwa simu. Wanakuja na gitaa tyuna, wanasubiri taa ya kijani, piano inatoka imekauka. Mbili, nimesikia hata wewe unaweka supa gluu kwenye pini. Zamani hiyo ilikuwa aibu. Pini ikilegea unatoa, unaweka nene zaidi, basi.

#7 Fundi Kabari

Mzee wangu, nikianza na simu: gitaa tyuna hapana, nakubaliana nawe asilimia mia. Inapima kila noti peke yake, haijui kwamba piano fupi inataka oktavo zivutwe. Lakini kuna programu za piano zenyewe, TuneLab, PianoMeter, Entropy ambayo ni ya bure, zinasikiliza piano hiyo hiyo kwanza halafu zinapanga mvuto wake. Kwa mzunguko wa kwanza wa kupandisha naitumia bila aibu, inaniokolea masikio. Nyuzi tatu za noti moja kuzifanya ziwe moja, hapo simu naiweka mfukoni. Kabari mbili za mpira za kuziba nyuzi za pembeni, uzi wa katikati kwanza, kisha wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka wimbi life.

Kuna wimbi lisilokufa pia, na simu haitakuambia. Uzi mmoja peke yake, umeziba wenzake, bado unasema wau-wau. Mara nyingi ni kile kipini kidogo cha kwenye daraja kimelegea. Kibonyeze pembeni kwa ncha ya bisibisi huku kitufe kimepigwa. Wimbi likipotea, umempata mwizi. Tone moja la gluu nyembamba kwenye mzizi wake.

Na hapo tunafika kwenye gluu. Pini nene zaidi ni kazi nzuri kuliko zote, mzee, sibishi. Lakini pini za ukubwa huo ziagizwe nje, uzi utolewe, urudishwe, uanze kunyooka upya. Kwa piano ambayo kanisa haliwezi kuilipia hata nusu ya kazi hiyo, gluu nyembamba kama maji, ile inayoingia kwenye mbao yenyewe, imerudisha pini nyingi kazini. Piano inalazwa chali na watu wanne wenye nguvu, maana inakwenda kilo 200 na zaidi. Tone kwa tone kuzunguka mguu wa pini, unaacha inywe, unaongeza, unaacha mpaka kesho. Madirisha wazi, moshi wake unachoma macho. Kama haiwezi kulazwa, kuna wanaodondoshea juu ya pini kwa kijibomba ikiwa imesimama. Inasaidia, lakini nusu yake inatiririka. Na kabla ya hata gluu, wakati mwingine kuigonga iingie ndani kidogo kunatosha, mradi mizunguko ya waya isiguse fremu.

#8 Kayamba Nairobi

Niaje wadau. Mimi niko na ile ya Kiingereza ya zamani sana, dampa (zile felti za kuzima sauti) ziko juu ya nyundo na mbele kuna wire nyingi zimesimama kama kizimba cha kuku. Kabari hazina pa kuingia. Fundi wa kwanza alitoroka, wa pili akasema niuze. Kuna matumaini?

#9 Fundi Kabari

Hizo zipo nyingi kwenye shule na makanisa ya zamani, kwenu na kwetu. Kabari za mpira za kawaida hazitakusaidia. Kuna kikoleo cha plastiki chenye miguu miwili inayofunguka yenyewe, kinaitwa Papps, kinapenya kati ya hizo waya, kinaachia katikati ya nyuzi na kuziba pande mbili. Ni polepole, lakini inawezekana. Shida ya pili ni kwamba dampa za namna ile haziui sauti vizuri, noti za jirani zinaendelea kulia na kukuchanganya. Ziba sana, piga kidogo.

Hao wanaosema iuzwe hawajakosea kabisa. Ukikuta pini zinateleza kote kwenye mashine ya aina hiyo, mimi mwenyewe ningekwambia itunze kwa sura yake. Na mtu asikudanganye kwamba ilitengenezwa kwa 440. London mwishoni mwa karne ya 19 A ilikuwa inapigwa karibu 452, na mkutano wa kukubaliana 440 ulikaa London mwaka 1939. Usiichukulie hiyo kama ruhusa ya kukaza. Chuma cha enzi zile kilikuwa kipya enzi zile.

#10 Bint Maskati

Assalaam alaykum. Sisi tuko Maskati, piano ni ya watoto, si ya zamani hata. Kila tukirudi likizo iko juu katikati na besi imekaa palepale, baada ya wiki mbili inashuka. Fundi wa hapa anasema tusafiri kidogo 😂

#11 Fundi Kabari

Waalaykum salaam dada. Ubao wa sauti ni mbao laini, ukinywa unyevu unavimba na kusukuma daraja juu, nyuzi zinakaza, na katikati ndiko kunapanda zaidi. Mkizima AC na kufunga nyumba, unyevu wa pwani unaingia. Mkirudi mkawasha, mbao inakauka, inashuka. Acheni AC iende kwa kiwango kilekile mkiwa safarini, hata kama ni cha chini, au fungeni ndani ya piano zile fimbo za kupasha joto zenye kipima unyevu, Dampp-Chaser. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 usioyumba ndio unaotakiwa. Na mkirudi safari msimwite fundi wiki hiyo. Acheni nyumba itulie kwanza.

Kwa wa Dar, Tanga na Mombasa, ni hivyohivyo na masika. Ukityuni Machi, Julai itakucheka. Mimi kazi nyingi nazipanga mvua ikishakwisha. Wazee walikuwa wanawasha balbu ndogo ndani ya piano usiku na mchana. Inapunguza unyevu kweli, lakini inakausha upande mmoja, na ipo jirani na felti na vumbi. Siipendi.

#12 Alto wa Tanga

Fundi nimerudi na mrejesho. Tumefungua, panya walikuwepo. Tumelegeza kwanza kama ulivyosema, "tik" zimesikika nyingi sana. Tumeacha tarumbeta, tunatyuni chini. Ila wakati wa G moja ya juu uzi umekatika, na cha ajabu uzi wa jirani nao umelegea wote. Tumeharibu kingine? Pia mzee wa kanisa anasema vitufe ni pembe ya ndovu, tusivisugue.

#13 Fundi Kabari

Hamjaharibu kingine. Kwenye sehemu ya chuma tupu, waya mmoja kwa kawaida ni nyuzi mbili: unatoka kwenye pini moja, unashuka, unazunguka kipini cha chini, unarudi juu kwenye pini ya pili. Ukikatika mmoja, na mwenzake anaachia. Kama pacha huyo ni wa noti hiyohiyo, G itabaki na uzi mmoja, italia kwa unyonge lakini italia. Kama ni wa noti ya pembeni, basi kila moja imepungukiwa na mmoja. Toeni waya wote uliolegea msiuache ukagusa wenzake, pimeni unene wake kwa kipima cha fundi wa mashine, nitumie namba PM. Waya mpya utanyooka kwa muda mrefu, utahitaji kurudiwa rudiwa, kwa hiyo hizo nyuzi zake mbili zizibwe kwa felti kidogo mpaka utulie.

Kuhusu pembe, mzee anaweza kuwa sahihi. Tazama kitufe cheupe kwa karibu: pembe mara nyingi ni vipande viwili, kuna mstari mwembamba unaokata pale kitufe kinapoanza kupungua upana, na ndani kuna mishipa kama ya mbao. Plastiki kwa kawaida ni kipande kimoja, hakina mishipa. Pembe nyingi za vitufe vya Kimarekani zilitoka Unguja, zikaenda kukatwa Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton, kwenye viwanda viwili, Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co. Kwa hiyo huenda zimerudi nyumbani, kama piano ni ya huko. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na kikavu nyuma yake. Msipake chochote cha kuvifanya vyeupe. Na mtu akija kutaka kuvinunua avipeleke nje, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilishapiga marufuku biashara hiyo kimataifa tangu 1989, msijiingize.

#14 Mzee wa Besi

Fundi, kwa huo waya wa G, mimi ninazo roli za waya wa chuma wa piano za ukubwa kadhaa zilizobaki kazini. Alto anitumie kipimo, nitampa mtu wa basi la Tanga. Bure, ila anitumie sauti ya kwaya.

#15 Alto wa Tanga

Mzee, PM imeshakuja. Kipimo kinafuata kesho, fundi wa mashine amefunga.